Bati la matundu la mlango wa mzinga: nondo-fuvu linamkomesha, nondo wa nta linampisha

Ukiingia duka la vifaa vya ujenzi ukaulizia kizuia nondo, utapelekwa kwenye vyuma vya zege. Uliza duka la zana za ufugaji nyuki. Huko utapewa kipande chembamba cha bati chenye matundu ya duara, urefu wake kama sentimita 38, kimo chake sentimita 4 au 5, cha kupigilia kwenye mlango wa mzinga wa Langstroth, ule wa masanduku yenye fremu ndani. Wengine hukiita bati la panya, wengine bati la mlango. Muuzaji atakwambia kinazuia panya, mijusi na nondo. Panya na mijusi, sawa. Hilo neno la tatu ndilo linalohitaji kupimwa.

Kwa mfugaji nyuki, neno nondo limebeba wadudu wawili wasiofanana kwa umbo, kwa chakula wala kwa hasara. Mmoja ni yule mkubwa mwenye alama ya fuvu mgongoni, Acherontia atropos, ambaye hapa tunamwita nondo-fuvu. Huyu huingia mzingani usiku, akanywa asali, akatoka. Mwingine ni nondo wa nta, Galleria mellonella, mdogo, wa kijivu, ambaye viwavi wake hutafuna masega mpaka yabaki utando na uchafu mweusi. Bati hili linamkomesha wa kwanza. Wa pili anapita bila hodi, kwa sababu mwili wake ni mwembamba na tundu linalompisha nyuki linampisha na yeye. Anayelinunua kwa ajili ya nondo wa nta ametupa pesa yake, na bati lisilaumiwe kwa kazi ambayo haliwezi kuifanya.

Mgeni wa usiku

Nondo-fuvu aliyekunjua mabawa ana upana wa sentimita 9 hadi 13. Mabawa ya mbele ni ya kahawia iliyokolea hadi karibu nyeusi. Ya nyuma ni ya njano yenye mistari miwili ya giza. Tumbo lina pingili za njano na nyeusi, na katikati yake unapita mstari wa kijivu cha buluu. Kifua na tumbo ni vinene kama kidole gumba cha mtu mzima, na kifua ni kigumu, hakibonyei kupita mahali pembamba. Kumbuka unene huo, maana kazi yote ya bati imesimama juu yake.

Linnaeus ndiye aliyempa jina la kitaalamu, mwaka 1758, akalitoa kwa Atropos, yule dada wa hadithi za Wagiriki anayekata uzi wa uhai wa mtu. Jina la kutisha bure. Mdudu mwenyewe hana mwiba, hana sumu ya kumdhuru mtu na hang'ati. Akishikwa hulia, mlio mkali mfupi kama wa panya mdogo, kwa kuvuta na kusukuma hewa kooni. Mlio huo humfanya mtu amwachie, na pengine ndiyo kazi yake.

Usimchanganye na nondo wa viazi vitamu, Agrius convolvuli, ambaye naye ni mkubwa na hupatikana mashambani kwetu. Tazama tumbo: wa viazi vitamu ana pingili za waridi, nondo-fuvu ana za njano. Tazama mrija wa kunywea: wa viazi vitamu ana mrija mrefu kuliko mwili wake, wa kufika chini kabisa ya maua marefu, na mzinga hana haja nao. Mrija wa nondo-fuvu ni mfupi, mnene, wenye ncha. Maua marefu yanamshinda. Anachoweza ni kunywa utomvu wa miti, maji ya matunda yaliyooza, na kutoboa vifuniko vya nta ili anywe asali. Fuata nyuki ule asali: wengine tunaisema, yeye ndivyo anavyoishi.

Kinachoshangaza ni kwamba anaingia kwa miguu, gizani, katikati ya maelfu ya nyuki wenye miiba. Jibu la sehemu kubwa lilipatikana mwaka 1991, pale watafiti Moritz, Kirchner na Crewe walipoonyesha kwamba ngozi ya nondo huyu ina mchanganyiko wa asidi nne za mafuta (palmitoleiki, palmitiki, steariki na oleiki) unaofanana na ule wa nyuki wenyewe. Ndani ya mzinga hakuna anayemtambua mwenzake kwa sura. Wanatambuana kwa harufu. Kwa mlinzi wa mlangoni, lile dude kubwa linanukia kama wa nyumbani. Ile nadharia ya zamani kwamba nondo hulia ili kuiga sauti ya malkia sisi tunaiweka pembeni. Mdudu huyu hulia hata akiwa mbali na mzinga, ilimradi ameguswa, lakini harufu yake imepimwa maabara. Akishtukiwa bado ana kinga ya pili: ngozi nene iliyofunikwa magamba mengi, ambayo mwiba hauipenyi kwa urahisi.

Hasara yake isikuzwe. Jamii ya nyuki yenye nguvu, iliyojaza masanduku mawili, haitafilisiwa na nondo mmoja. Anayeumia ni mwenye jamii changa kwenye sanduku la kunasia, au jamii iliyogawanywa majuzi, ambapo asali ni kidogo na walinzi ni wachache. Nyuki wetu ni wepesi wa kuhama. Kila usumbufu wa usiku ni sababu moja zaidi ya kufungasha. Kuna pia tatizo la mzoga. Nondo akiuawa ndani ni mkubwa mno kuburutwa nje, hivyo nyuki humpaka gundi yao mpaka awe kama kipande cha lami kwenye sakafu. Ukikuta kitu cha namna hiyo wakati wa ukaguzi, chenye mabawa yaliyochakaa, umeshapata ushahidi wa nani anakutembelea.

Anatoka wapi

Swali hili lina maana kwa anayetaka kununua, kwa sababu bati si la kila mahali. Nondo-fuvu ni mwenyeji wa Afrika kusini mwa Sahara, wa mashamba, vichaka na bustani kuliko msitu mzito. Kinachomweka mahali ni mimea ya viwavi wake. Orodha yao ni ndefu: jamii ya viazi mviringo, biringanya, tumbaku na mnanaha; ufuta; mvuti, ule unaoitwa lantana; jakaranda na nandi flemu za kandokando ya barabara; yasmini na mizeituni. Tazama orodha hiyo kisha fikiria ramani. Tabora ni mkoa wa asali ya miombo na ni mkoa wa tumbaku. Lindi na Mtwara ni nchi ya ufuta, na maua ya ufuta nyuki wanayapenda. Mwenye mizinga sehemu hizo ameweka jiko kando ya shamba ambalo mwizi wake analelewa.

Jike hutaga yai moja moja chini ya jani, hafungi mafungu. Kiwavi hupitia hatua tano, na ya mwisho ina urefu wa sentimita 12 au 13, mnene kama kidole. Rangi ni tatu: kijani, njano au kahawia. Wa kijani na wa njano wana mistari saba ya mshazari ubavuni, na wote wana pembe mkiani iliyopinda na yenye chunusi. Ukimgusa hugonganisha taya zake, ukasikia kama mtu anayevunja kucha. Kwa sababu mayai hutagwa mbalimbali, ni nadra viwavi hawa kumaliza shamba. Tafuta vinyesi vikubwa ardhini, angalia juu yake, umwokote kwa mkono. Kupulizia ufuta dawa ya wadudu wakati umechanua ili kuua viwavi watatu ni kuua nyuki wako mwenyewe kwa gharama yako mwenyewe.

Akishiba hushuka, akachimba udongo kiasi cha sentimita 15 hadi 40, akajitengenezea chumba na kugeuka pupa mwenye rangi ya mti wa mkangazi, urefu kama sentimita 7 hadi 8. Jembe la mkono litawafukua baadhi tu. Waliokwenda chini zaidi watabaki. Hata ungewafukua wote bado usingekuwa umefunga mlango. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha kazi ya watafiti waliowafunga nondo hawa vipitishi vidogo vya redio na kuwafuata kwa ndege ndogo juu ya milima ya Alps. Mmoja alifuatwa karibu kilomita 90 katika usiku mmoja, akishika mwelekeo wake hata upepo ukimpinga. Mdudu wa uwezo huo haulizi kama shamba la jirani yako limelimwa. Ndiyo maana ulinzi wa maana ni wa mlangoni.

Vipimo: hapa ndipo bati huwa zuri au huwa bure

Kipenyo cha tundu kinachofaa ni milimita 8. Nyuki kibarua anapita na mizigo ya chavua miguuni, dume anapita, malkia anapita. Nondo-fuvu hapiti, wala hakaribii kupita. Milimita 9 bado inamzuia nondo, na mabati ya panya mengi yaliyoundwa Ulaya yana matundu ya karibu milimita 10. Hayo nayo yanatosha kumzuia nondo-fuvu.

Hatari iko upande wa pili, kwenye matundu madogo. Bati lenye matundu ya milimita 5 si la mlango, ni la mtego wa chavua. Limeundwa makusudi kukwangua chavua miguuni mwa nyuki anapoingia, na ukiliacha mlangoni mwezi mzima utadumaza watoto wa nyuki kwa kukosa chakula chao. Lenye nafasi za milimita 4.2 au 4.3 ni kizuia malkia. Likiwekwa mlangoni, madume hunasa, wakafia hapo na kuziba njia. Malkia mpya hawezi kwenda kupandwa, na kundi likitaka kugawanyika hutoka bila malkia, likarudi. Yote matatu yanauzwa rafu moja na yanafanana kwa mbali.

Kwa hiyo usiende dukani bila kipimo. Beba biti ya keekee ya milimita 8. Upande wake laini, ule wa kushikia, uingie tunduni bila kulazimishwa lakini usicheze sana. Jaribu matundu kumi, si moja, kwa kuwa mashine iliyochakaa hutoboa ovyo.

Kisha hesabu matundu. Bati zuri la sentimita 38 lina safu mbili za matundu 31, jumla 62, yakiwa yameachana milimita 12 toka kitovu hadi kitovu. Eneo la kila tundu ni kama nusu sentimita ya mraba, hivyo jumla ni sentimita za mraba 31. Mlango wazi wa Langstroth wenye kimo cha milimita 22 na upana wa sentimita 37.5 una eneo la sentimita za mraba 82. Maana yake umebakiza zaidi kidogo ya theluthi moja ya hewa na ya njia. Hilo jamii ya kawaida inalivumilia. Bati la safu moja hukuachia sentimita za mraba 15 na nusu. Hilo ni la jamii changa pekee, na Pwani au Kigoma wakati wa joto tungelikataa kabisa. Dalili za kuzidiwa ni wazi: nyuki wananing'inia nje kama ndevu tangu saa nne asubuhi, na warudio na mizigo wanapanga foleni hewani. Ongeza tundu la hewa lenye wavu mwembamba chini ya mfuniko kabla hujalaumu bati.

Sasa neno ambalo wauza bati hawatalipenda. Ukipachika kipande cha ubao mlangoni kikaacha mwanya wa kimo cha milimita 8 kwa upana wote wa sentimita 37.5, unapata sentimita za mraba 30. Ni eneo lile lile, hakuna kingo za chuma, hakuna kutu, na nyuki hupita wanne watano sambamba badala ya kila mmoja na tundu lake. Kwa Langstroth yenye sakafu iliyonyooka, ubao wa fundi seremala unalishinda bati, na ni chakavu cha mbao tu. Bati linapata thamani yake pale ambapo mlango haukunyooka: sakafu iliyopinda, mbao zilizoliwa na panya, mzinga wa viunzi (wa vipande vya mbao juu, bila fremu) wenye tundu kubwa la duara, na mzinga wa gogo.

Aina zilizoko sokoni

La chuma lililopakwa zinki ndilo tunalolipendekeza. Udhaifu wake ni kingo. Mashine ikitoboa huacha ukingo mkali upande mmoja, na ukingo huo hukwangua chavua na kupasua ncha za mabawa. Pitisha kidole, kikikwaruzwa, piga tupa ya duara kila tundu pande zote mbili. Matundu 62 huchukua kama nusu saa. Ukikata bati ili lilingane na mzinga, pale ulipokata zinki imetoka na kutu itaanzia hapo, hivyo ziba kwa nta iliyoyeyushwa. Rangi ya mafuta iache, harufu yake hukaa siku nyingi na nyuki hawaipendi.

La plastiki ni jepesi na halina kingo kali, lakini jua letu halilihurumii. Hupinda katikati, na likipinda linaacha mwanya chini yake. Mwanya ukifika milimita 12 au 15 hapo chini, matundu ya juu ni mapambo tu. Linafaa mzinga ulio kivulini na mwenyewe anayekagua mara kwa mara. Kwa mzinga uliotundikwa mtini maili mbili toka nyumbani, hapana.

Kisahani cha kuzungusha, kile cha duara chenye sehemu nne, kinapendwa kwa sababu kinaonekana cha kisasa. Kwa kazi hii hakifai. Sehemu ya wazi ni tundu moja kubwa ambalo nondo-fuvu anaweza kulitumia kama nyuki. Sehemu ya nyufa ni kizuia malkia, na madhara yake tumeyataja. Ya matundu madogo ni ya hewa tu, nyuki hapiti. Ya nne imefungwa. Katika nne hakuna hata moja inayompisha dume na kumzuia nondo. Kinunue kwa kusafirishia mizinga.

Wako wanaokata wavu wa chuma wa dukani. Wazo ni zuri, saizi ndizo zinazosumbua. Wavu wa robo inchi, ukitoa unene wa waya, huacha tundu la chini ya milimita 6: kibarua anapita akisugua chavua yake, dume anahangaika. Wa nusu inchi huacha karibu milimita 12, na kwa kuwa ni mraba, pembe hadi pembe ni zaidi ya 16. Hapo hatuwezi kukuhakikishia chochote. Ukibahatika kupata wavu wenye tundu halisi la milimita 8, nunua. Mita moja ya mraba hutoa vipande 40 vya sentimita 50 kwa 5, vya kutosha kituo kizima cha mizinga.

Kufunga

Funga alfajiri kabla jua halijapata nguvu. Nyuki wa malishoni wako ndani, baridi imewatuliza, na nondo aliyeingia usiku kwa kawaida ameshaondoka. Ukifunga saa mbili usiku unaweza kumfungia ndani yeye na mzoga wake. Huhitaji kufungua mzinga: moshi mara mbili tatu mlangoni, subiri dakika moja, kazi yenyewe ni ya dakika tano. Vaa mavazi kamili hata hivyo, maana unagonga nyumba yao.

Safisha kwanza kizingiti kwa patasi. Gundi na nta zilizoganda ndizo zinazofanya bati lisikae sawa. Safu ya chini ya matundu iguse usawa wa sakafu. Ukiacha kidaraja cha bati hata cha nusu sentimita chini ya matundu, nyuki waliokufa watarundikana nyuma yake na maji ya mvua yatatuama. Tumia skrubu fupi mbili kila upande badala ya misumari, kwa sababu mitetemo ya nyundo huwatoa nyuki nje kwa hasira na msumari hauondoki kirahisi siku ya kusafisha. Inamisha mzinga mbele kiasi cha sentimita 1 hadi 2 ili maji yatoke yenyewe.

Kwa jamii kubwa usifunge bati zima siku ya kwanza. Funika nusu ya mlango, acha nusu wazi siku mbili au tatu, kisha malizia. Nyuki wanaorudi hutafuta mlango pale walipouacha, na ukibadilisha kila kitu kwa mara moja utaona wakigonga bati na kutambaa ukutani mpaka jioni, wengine wakiingia mzinga wa jirani.

Baada ya hapo kagua kila wiki mwezi wa kwanza, kisha kila unapopita. Chokonoa safu ya chini kwa waya. Wachukuzi wa maiti huburuta nyuki waliokufa mpaka mlangoni, na mzigo huo ni mgumu kupita tundu la milimita 8 kuliko mlango wazi. Mzinga ulionyunyiziwa dawa na shamba la jirani unaweza kuziba safu nzima kwa siku moja. Ukikuta matundu yamepakwa gundi, usikimbilie kuyazibua yote. François Huber, mwanazuoni kipofu wa Geneva, alieleza mwanzoni mwa karne ya 19 jinsi nyuki walioshambuliwa na nondo-fuvu walivyojenga wenyewe kuta za nta na gundi mlangoni, wakiacha vijitundu vya kupita nyuki mmoja au wawili. Nyuki walikuwa na bati lao kabla ya bati. Wanaoziba matundu ya pembeni na kuacha ya katikati wanakwambia mlango unawatosha, wakati mwingine wana baridi.

Kisichozuiwa

Nondo wa nta tumeshamsema. Dawa yake ni jamii yenye nguvu, masega machache matupu, na kutoacha masega ya zamani yakizagaa kituoni. Mende mdogo wa mzinga, mwenye urefu wa milimita 5 hadi 7, anapita matundu haya akitamba. Siafu nao vilevile, na kwao suluhisho liko miguuni pa mzinga: vikopo vya oili chafu, au grisi kwenye waya wa kutundikia. Nyigu wakubwa watapungua kuingia lakini wataendelea kuwinda nje. Na kama kuna taa ya umeme inayowaka usiku kucha karibu na mizinga, bati halitaondoa mwaliko huo. Taa huvuta nondo, huvuta na nyuki; isogeze au izimwe.

Kwa hiyo nani anunue? Mwenye mizinga ya gogo yenye matundu mapana, mwenye mizinga ya viunzi iliyotobolewa tundu moja la milimita 25, mwenye jamii changa karibu na ufuta, tumbaku au viazi. Mwenye Langstroth mpya akate ubao.

Kwenye mzinga wa viunzi kuna fundi atakayekushauri utoboe ukuta wenyewe badala ya kununua bati. Hesabu inakubali: matundu kumi ya milimita 8 yana eneo sawa na moja la milimita 25. Matumizi hayakubali. Ukuta una unene wa milimita 25, hivyo kila tundu linakuwa handaki refu ambamo nyuki wawili wanaokutana lazima mmoja arudi kinyumenyume, na mahandaki ndiyo wanayoyaziba kwa gundi kwanza. Afadhali upanue tundu kuwa mlango wa sentimita 10 kwa 2.2, kisha ufunike kwa kipande cha bati chenye matundu 16.

Kwenye gogo, kata bati lizidi tundu kwa sentimita 2 kila upande na ulikunje kidogo kwa mkono lifuate mviringo wa mti. Piga skrubu mbili za juu tu na uzibe mianya ya pembeni kwa udongo wa kichuguu uliolowekwa. Usiku wa kurina, unafungua skrubu moja, bati linaning'inia kwenye nyingine, na ukimaliza unalirudisha bila kulitafuta majanini.